Tunatazama juu, lakini moto wa Goma unatoka chini

Kila mwezi wa kwanza ukifika, watu wa Goma tunaanza kuhesabu. Tarehe 10 Januari 1977. Tarehe 17 Januari 2002. Kisha tunaongeza ile ya 22 Mei 2021, siku ya posho, wakati wa jioni, watu wengi wakiwa wanajitayarisha kwa misa ya kesho yake. Mara tatu Nyiragongo imepasuka ndani ya miaka 44. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1970 ameona zote tatu, kama Mungu amemwachia uzima.

Na kila mara tunapohesabu, kunatokea desturi moja. Usiku watu wanasimama mbele ya mlango, wanainua macho kule kaskazini. Mwanga mwekundu ukionekana juu ya mlima, wengine wanasema: mlima unapumua, hakuna neno. Mwanga ukipotea, wengine wanaanza kufunga mizigo. Mwanga ukizidi, telefoni zinaanza kulia kutoka Bukavu, kutoka Kinshasa, mpaka Bulaya: «Ninyi huko muko salama?» Hesabu yetu yote tunaifanya kwa kutazama kinywa cha mlima.

Ndugu msomaji, neno langu la leo ni fupi: hatutazami fasi inayofaa. Moto ulioharibu Goma haukumwagika kutoka kinywani. Ulitoka mbavuni, na mara nyingine ulitoka miguuni, karibu na nyumba zetu. Yule anayetaka kujua Nyiragongo itafanya nini, asitazame mwanga tu. Atazame umbo la nchi anayokanyaga kila siku.

Sisi tuliopita sekondari tulifundishwa kwa Kifaransa kwamba milipuko ya volkano iko ya aina nne, na kila aina ina jina la mahali: Hawaii, Stromboli, Vulcano, Pelée. Tulikariri, tukapata pwenti, tukasahau. Wengi wetu tulibaki na picha moja kichwani: mlima unaolipuka kama bomu, majivu yanafunika mbingu, watu wanakufa wakiwa wamekaa mezani. Picha hiyo si ya uongo. Tarehe 8 Mei 1902, mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique ulitoa wingu la gazi na majivu ya moto, na mji wa Saint-Pierre ukateketea kwa dakika chache tu. Watu kama 28,000 walikufa. Lakini ule ni mlima wa namna nyingine, wenye lava nzito. Lava nzito inafunga njia, gazi inakosa pa kutokea, inajikusanya, mwishowe kifuniko kinaruka.

Lava ya Nyiragongo iko kinyume cha ile. Ni nyepesi sana, kati ya zile nyepesi kabisa zinazojulikana duniani, kwa sababu ndani yake silika ni kidogo. Inatiririka kama mafuta ya kukaanga yaliyopata moto. Haihitaji kulipuka, inahitaji tundu tu. Kwa miaka mingi inakaa ndani ya kreta, ikifanya ziwa la moto ambalo wageni walikuwa wanapanda kulitazama. Kreta yenyewe ina upana wa zaidi ya kilometa moja. Fikiri ndoo iliyojaa mafuta ya moto, imewekwa juu, kwenye urefu wa meta 3,470, na sisi tumekaa chini yake. Hatari ya ndoo hiyo si kufurika. Hatari yake ni kutoboka.

Njo maana 1977 ilikuwa vile ilikuwa. Mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa lote la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Juu, kwenye miteremko mikali, lava ilikimbia mbio ya gari, kilometa makumi kwa saa. Watu wa vijiji vya chini ya mlima hawakupata hata nafasi ya kuita watoto. Makumi ya watu walikufa, na wazee wengi wanasema hesabu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoandikwa.

Mwaka wa 2002 mlima ulifanya namna nyingine, na njo ile inayotuhusu zaidi sisi wa mjini. Nyufa zilifunguka ubavuni upande wa kusini, zikapita kwenye kilima cha zamani cha Shaheru, zikashuka mpaka Munigi, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Sikiliza vizuri: haikuwa lava iliyosafiri tu kutoka juu. Ardhi yenyewe ilifunguka huku chini, moto ukatoka pale watu walikuwa wanalima maharagwe. Kutoka pale ulitembea polepole, mtu aliweza kuukimbia kwa miguu, lakini haukusimama. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji fasi ya maduka, ukala katedrali, ukaingia ziwani. Goma ikakatwa vipande viwili. Zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mji ikawa chini ya mawe, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa nyumba.

Mwaka wa 2021 ndio ulitufundisha neno la mwisho. Lava ilifika Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu na mji. Watu wasiopungua 30 walikufa. Wengine kati yao hawakuuawa na lava inayotembea. Walikufa kwa gazi kesho yake, walipojaribu kuvuka mawe ambayo juu yalionekana yamepoa. Tukasema: Mungu ametusaidia, imeisha. Lakini ilikuwa haijaisha. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyumba zikaanguka hapa na kule Gisenyi, barabara zikapasuka. Wenye elimu ya volkano wamekuja kueleza sababu: moto wa chini ulikuwa unatembea ndani ya ardhi, kama ukuta mwembamba uliosimama, ukapita chini ya mji wenyewe, ukafika chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei ikatoka amri ya kuhamisha karitye 10 kati ya 18. Mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Gisenyi, na wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Hakuna aliyeona moto ule wa chini. Angekuwa ametazama kreta usiku kucha, asingeona kitu.

Sasa tusome umbo la nchi, maana liko wazi kuliko kitabu.

Tazama Nyamulagira, jirani wa Nyiragongo. Nyiragongo imechongoka, kama chungu kilichosimama. Nyamulagira imelala, kama sahani pana iliyofunikwa. Umbo hilo ndilo historia yake. Nyamulagira inapasuka mara nyingi kuliko volkano nyingine zote za Afrika, na lava yake inaenda mbali na kutandaa, tabaka juu ya tabaka, njo maana mlima ni mpana na mteremko wake ni wa polepole. Pembeni yake kuna vilima vidogo vingi, kila kimoja na tundu lake katikati. Kila kilima ni siku moja ya hasira: ufa ulifunguka, chemchemi ya moto ikaruka, mawe mepesi yakaanguka kuzunguka tundu, kilima kikazaliwa kwa wiki chache. Sehemu kubwa ya moto huo inaishia ndani ya Parke ya Virunga, kwa hiyo sisi wa mjini tunausahau. Lakini kati ya 1938 na 1940 lava ya Nyamulagira ilishuka mpaka ziwani upande wa Sake. Yule anayepita barabara ya Sake leo anapita kwenye mawe yale. Na wakulima wa vijiji vilivyo chini ya moshi wake wanajua mvua yenye asidi inavyounguza majani ya maharagwe na kuharibu maji ya matangi.

Kisha tazama Mont Goma, kile kilima kilicho karibu na bandari. Tazama na Lac Vert, lile ziwa dogo la mviringo upande wa Mugunga. Watu wanaenda kupiga picha pale siku ya mungu. Umbo lake linasema nini? Linasema: hapa moto ulikutana na maji. Moto wa chini ukikutana na maji, maji yanageuka mvuke kwa ghafula, na mvuke unarusha ardhi juu. Hiyo si lava inayotembea. Huo ni mlipuko wa kweli, unaoacha shimo la mviringo na kuta za majivu yaliyogandamana. Kwa hiyo hata ile picha ya bomu tuliyokariri shuleni haiko mbali nasi kabisa. Iko pembeni ya ziwa. Kama ukuta ule wa moto wa 2021 uliokwenda chini ya ziwa ungepanda juu badala ya kusimama, tungekuwa tunasema habari nyingine leo.

Tazama na mashimo, zile fasi zilizo chini kidogo karibu na ziwa, upande wa Himbi, Bulengo na Mugunga. Asubuhi moja unakuta mbuzi amekufa pale bila jeraha. Wazee waliipa jina mbele ya profesa yeyote kufika: mazuku. Ni gazi ya kaboni inayopanda kupitia nyufa za mawe. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini kama maji yanavyolala katika bonde, na usiku usio na upepo inajaa. Mtoto mfupi anaanguka mbele ya mtu mzima. Leo jina la mazuku linaandikwa katika vitabu vya elimu ya volkano vya dunia nzima, lakini mtu mgeni anayeuziwa parseli ndani ya shimo lile haambiwi kitu na yule anayemuuzia.

Hata Ziwa Kivu ni mtoto wa volkano. Zamani, mbele ya Virunga kusimama, maji ya nchi hii yalikuwa yanakwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edouard. Milima ikafunga njia kama mtu anayeziba mfereji kwa mawe, maji yakapanda, ziwa likajaa, mwishowe likapata njia ya kusini kwa Ruzizi mpaka Tanganyika. Na katika kilindi chake ziwa limeshika gazi nyingi sana, ya kaboni na ya metani. Kila mtu anayesema juu ya ziwa hili anataja Lac Nyos ya Cameroun, ambako mwaka wa 1986 gazi ilitoka usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Ziwa lile ni dogo sana mbele ya Kivu.

Nimesema hayo yote ili tufike hapa: umbo la nchi linatuonyesha tayari fasi moto unapenda kupita. Nyufa za 1977, za 2002 na za 2021 hazikutawanyika ovyo. Nyingi ziko ubavu wa kusini, zinafuata mstari kutoka mlimani kuelekea mji na ziwa, kwa sababu nchi yetu yote inavutwa na kupasuliwa na lile bonde kubwa la Afrika ya Mashariki. Ardhi iliyopasuka jana inapasuka tena kwa urahisi kesho, sawa vile nguo iliyoshonwa inakatikia pale pale kwenye mshono.

Na sisi tunafanya nini juu ya mshono huo? Tunajenga. Kutoka uwanja wa ndege ukipanda kuelekea Munigi na Kibati, nyumba za mbao zimejaa juu ya mawe ya 2002. Mawe ya 2021 yalikuwa hayajapoa vizuri watu wakaanza kupima viwanja. Parseli zinauzwa, karatasi zinatolewa, mihuri inapigwa. Shule zimejengwa pale. Stasyo za esanse ziko pale. Je, tumesahau stasyo ya esanse ya mwaka wa 2002, ile iliyolipuka watu wakiwa wanachota mafuta pembeni ya lava, makumi wakafa mara moja? Wale hawakuuawa na mlima peke yake.

Najua majibu, maana nimeyasikia kwenye basi, kanisani na hata ofisini. La kwanza: «Twende wapi?» Jibu hilo lina haki yake. Watu hawakuja kukaa juu ya mawe ya moto kwa kupenda. Vita vimewaleta kutoka Masisi, kutoka Rutshuru, kutoka Walikale. Parseli ya juu ya lava ndiyo pekee ambayo mama mwenye watoto sita anaweza kulipa. Na mawe yenyewe ni kazi: watu wanayavunja, wanayauza, nusu ya kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe yaliyobomoa kuta za jana. Yule anayesema mji wote uhamishwe anasema bila kuhesabu. Mimi siombi hivyo.

La pili: «Ni mapenzi ya Mungu.» Wazee nao walikuwa na lao, walisema roho za watu wabaya zinakwenda kuungua ndani ya Nyiragongo. Sitaki ubishi na imani ya mtu. Lakini mazuku ilipewa jina na watu wa imani hiyo hiyo, na jina lile lilikuwa onyo: usilale pale. Kumwamini Mungu hakukuwazuia kusoma ardhi.

La tatu ndilo la watu wa elimu: «Tuko na vyombo, tutaambiwa.» Tuna Observatwari ya Volkano ya Goma, imekuwako tangu 1986, na watu wake wanafanya kazi ngumu, mara nyingi bila mshahara unaofika kwa wakati. Lakini tuseme ukweli. Mwaka wa 2020 feza za wafadhili zilipokwisha, vyombo vya mlimani vilikaa miezi bila intaneti ya kutuma habari. Na hata vyombo viliporudi kusema, wanasayansi wenyewe wameandika kwamba mwaka wa 2021 dalili ya wazi ilianza chini ya saa moja tu mbele ya lava kutoka. Lava nyepesi, iliyo karibu na juu tayari, haipigi hodi mara nyingi. Chini ya saa moja! Katika muda huo mtu wa Majengo hajapata hata taksi-moto. Kwa hiyo chombo ni cha lazima, lakini hakitoshi. Maandalizi ya Nyiragongo yanafanyika mbele ya siku yenyewe, si siku yenyewe.

Basi tufanye nini? Sitaji mambo ya miliari.

Kwanza, mistari ya nyufa inajulikana. Ionyeshwe ardhini, kwa nguzo au kwa rangi, ili hata mtu asiyesoma ajue: hapa ardhi ilifunguka 2002, hapa 2021. Mistari hiyo ni myembamba. Haimezi mji wote. Juu yake pasiwe na shule, hospitali, wala stasyo ya esanse. Na shefu wa karitye anayetia sahihi kwenye karatasi ya parseli awe na karta hiyo mezani, amwonyeshe mnunuzi mbele ya kuhesabu feza. Vilevile kwa mashimo ya mazuku.

Pili, masomo. Mwalimu wa jografia asiache Pelée na Stromboli, lakini aanze na Nyiragongo. Atoe watoto darasani, awaonyeshe Mont Goma, awaambie kwa Kiswahili: huu ni moto uliokutana na maji, haya mawe laini ni lava nyepesi, hili tundu ni fasi mti uliungua ndani ya lava ukaacha umbo lake. Mtoto anayejua hayo hatavuka lava ya jana akidhani imepoa.

Tatu, kila nyumba iwe na neno lake. Mwaka wa 2021 watoto wengi walipotea katika mbio za usiku, wazazi wakaenda Sake, watoto wakajikuta Gisenyi. Lava ya Nyiragongo inatoka kaskazini. Njia zetu ni mbili tu, magharibi na mashariki, na ikipita katikati ya mji kama 2002 inatutenga. Baba na mama waseme leo, wakiwa wametulia: kama tuko upande huu, tunakutana kwa nani, kama tuko upande ule, tunakutana kwa nani. Neno hilo halina bei.

Nne, mshahara na intaneti ya Observatwari viwe katika bajeti ya Leta, mwaka hadi mwaka. Si katika mfuko wa mradi wenye tarehe ya mwisho. Mlima hausomi mikataba.

Baada ya 2021 sakafu ya kreta ilizama na mwanga ukapotea kwa muda. Wengine walifurahi, wakasema mlima umelala. Ndivyo ilivyokuwa vilevile baada ya 1977, na baada ya 2002: shimo tupu, kisha moto ukarudi kidogo kidogo, ukapanda, ndoo ikajaa tena. Kati ya ndoo kujaa na ndoo kutoboka tuna miaka kadhaa ya kutumia. Mara ya kwanza tuliitumia kujenga mpaka Munigi. Mara ya pili tukapita Buhene. Hii ni mara ya tatu, na mawe yako pale pale chini ya miguu, yanaonyesha njia yatakayopita.